Handbreki ya umeme ikigoma msikimbilie kuvuta gari

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wetu wa mtaani na sisi wenye magari, maana haya magari yenye handbreki ya kubonyeza yamejaa mjini na bado tunayatengeneza kama yale ya kuvuta mkono.

Jumatatu asubuhi nampeleka mama kliniki, kashakaa siti ya nyuma na mfuko wa dawa mapajani, nabonyeza stati gari linalia tiktiktik tu. Nikaweka N ili vijana wasukume, nabonyeza swichi ya handbreki nasikia krr kidogo kule nyuma halafu kimya, taa nyekundu ya P kwenye dashibodi haizimi. Redio inaimba vizuri kabisa ndo maana betri sikuiwazia. Vijana wakasukuma, matairi ya nyuma hayaendi hata inchi. Fundi niliyemuita akasema breki zimeganda, akaita bredauni, likainua mbele likavuta, gari likaburutwa kama mita tatu, michirizi miwili myeusi kwenye pevingi mpaka leo ipo, nikapiga kelele ndo wakaacha.

Aliyetuokoa ni jirani, fundi umeme, na hakugusa tairi hata moja. Aliweka mita kwenye betri ikasoma volti 11.4, akaniambia betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama 12.6, na redio isikudanganye kaka, redio inakula umeme kidogo sana. Kwenye gari kama langu kila kalipa ya nyuma, kile chuma kinachobana breki kwenye tairi, ina mota yake ndogo, inazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pistoni inabana pedi, na kuachia ni kazi ya mota hiyohiyo, kwahiyo umeme ukiwa mdogo inabaki imebana hata uvute na trekta.

Kwanza aliweka mawe kwenye matairi, kwangu ni mteremko na watoto wanacheza pale chini, handbreki ikiachia ghafla nani atalishika gari? Akabusti kwa waya, gari likawaka, nikafunga mkanda nikakanyaga breki ya mguu mpaka chini, nikabonyeza, krrrrr ndefu safari hii, taa ikazima. Mama alifika kliniki saa tano namba zimeisha, akarudi kesho yake.

Kama betri ni nzima na bado inagoma, mwambie mtu asimame nyuma ukanyage breki, taa nyekundu za nyuma zisipowaka basi huenda swichi ya kwenye pedali au fyuzi imekufa, na kompyuta haijui kama umekanyaga kwahiyo haiachii. Hapo unabadilisha kitu kidogo tu, siyo kufungua breki zote.

Na nyie mafundi mnaobadilisha pedi za nyuma kwenye magari haya, tafadhali sana msirudishe pistoni kwa klempu kabla ya kuiweka handbreki kwenye mudi ya sevisi, yaani mota irudishe skrubu nyuma kwanza, kwa mashine ya kuongea na kompyuta ya gari, mnaivunja ile skrubu ya ndani na mteja anarudi nyumbani na breki mbovu bila kujua. Siyo teknolojia ya jana hii, BMW Series 7 ilitoka nayo 2001, muda wa kujifunza tumekuwa nao.

Kuna magari yana njia ya kuachia kwa mkono, mengine yana kifaa chake kwenye buti, mengine unafungua mota kwenye kalipa unazungusha kwa spana, ila gari lazima liwe limezuiwa kwanza. Langu nilipolinunua yadi kitabu kilikuwa cha Kijapani na mfuko wa vifaa haukuwepo. Ninyi wenye yadi, mkimkabidhi mteja funguo mkabidhini na hivyo vifaa, na mumuonyeshe palepale anaachiaje handbreki siku betri imekufa.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam