Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Wilaya: Tuulizane pia walioanza Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya skuli katika shehia moja ya pwani ya mashariki ya Pemba. Nakuandikia kwa uwazi kwa sababu jambo lenyewe limeshazungumzwa katika kila baraza: orodha ya skuli zetu, zilizopangwa kwa asilimia ya waliofaulu mtihani wa Kidato cha Pili, ambayo skuli yetu imo karibu na mkiani. Sikatai tulinganishwe. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasomeshwaje, na skuli yenye uzembe isifichwe nyuma ya umasikini wa wazee. Ninachokilalamikia ni kipimo.

Asilimia hiyo inawahesabu waliokaa kwenye chumba cha mtihani, na haiwajui kabisa walioanza. Tuchukue mfano wa skuli mbili za kubuni, kila moja imeandikisha watoto 100 Kidato cha Kwanza. Katika ya kwanza wamefika mtihanini 60 na wamepasi 48. Katika ya pili wamefika 90 na wamepasi 63. Orodha itaipa ya kwanza asilimia 80 na ya pili asilimia 70, na ya kwanza itapigiwa vigelegele, ingawa ya pili ndiyo iliyowavusha watoto 15 zaidi. Wale 40 waliopotea njiani katika skuli ya kwanza hakuna anayewauliza. Huenda wengine wamehamia skuli nyengine, na hao wasihesabiwe kuwa wamepotea, lakini huwezi kuwatenganisha na walioacha kusoma ikiwa hesabu yenyewe haikufanywa.

Hivi karibuni nilikaa na mwalimu wa darasa tukalifungua daftari la mahudhurio. Nilidhani nitaona utoro wa kawaida, mtoto huyu leo na yule kesho. Nilichokiona ni mapengo ya wasichana yanayokuja kwa mafungu: siku nne au tano hawamo, kisha wamo wiki nzima na zaidi, kisha hawamo tena. Tulipoweka kalenda ya mwezi ubavuni mwa daftari, mapengo yaliangukia kwenye bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na mama zao wanapoteremka kwenye mashamba ya mwani. Wavulana wana pengo la namna nyengine. Mmoja ana mstari mtupu wa wiki sita mfululizo, kwa kuwa baba yake alikwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, naye akafuatana naye. Mwalimu wa hesabu akaniambia kwamba mwaka mzima hajapata kumaliza mada moja darasa likiwa limetimia.

Wenzetu wa mashamba ya karafuu nao wana utoro wao, sisemi kwamba hawana. Lakini wao darasa hupungua zaidi katika msimu wa kuchuma, na mwalimu anayejua msimu huo unakuja anaweza kujipanga kabla na kufidia baadaye. Sisi bamvua inarudi kila baada ya wiki mbili. Skuli mbili zinaweza kupoteza siku sawa kwa mwaka na bado hasara yao isiwe sawa, na hilo haliwezi kuonekana kwenye asilimia hata uikodolee macho.

Kuna pia suala la vipawa. Watoto wanaofanya vizuri zaidi mtihani wa darasa la sita huchaguliwa kwenda skuli za vipawa, na mimi sina kinyongo na hilo. Mtoto wa ndugu yangu ni mmoja wao na tulimfanyia dua. Hata hivyo, ukishachukua kasimele, lile tui zito la kwanza, usimlaumu mpishi kwamba mchuzi ni mwepesi. Kwa kuwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, matokeo ya darasa la sita ndiyo picha ya mtoto anapoingia mlangoni, na Kidato cha Pili ni picha yake miaka miwili baadaye. Picha zote mbili zipo. Skuli ipimwe kwa mwendo aliokwenda mtoto yule yule baina ya mbili hizo.

Nisisahau udogo wa skuli. Penye watahiniwa 20, homa ya mtoto mmoja ni asilimia 5 nzima. Penye 200 ni nusu asilimia tu. Kwa hiyo kupanda au kushuka kwa mwaka mmoja katika skuli ndogo kusifanywe sababu ya kumhamisha mwalimu mkuu, wala ya kumpa zawadi.

Ombi langu ni kwamba orodha ya mwaka huu, pamoja na asilimia ya ufaulu, ionyeshe kila skuli iliandikisha wangapi Kidato cha Kwanza, wangapi walihama kwa barua, wangapi walifanya mtihani, na walikuwa na matokeo gani darasa la sita. Tena iwekwe miaka mitatu pamoja. Hakuna fedha mpya inayohitajika hapo, kwani madaftari yamo makabatini, mengine yameanza kuliwa na mchwa. Kamati yetu iko tayari kuyanakili ya skuli yetu kwa mkono na kukuletea ofisini kabla ya skuli kufunguliwa Januari, ili jioni moja ukae nasi na kalenda ya bamvua mezani, tuzungumze siku gani vipindi vya hesabu viwekwe.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya skuli,
Pemba