Ikubali Kazi ya Ushauri Nasaha

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaikum. Huku sote tu wazima, ila joto limetuchosha, usiku mzima watu wako barazani. Barua yako nimeipata. Unasema mkuu wa shule amekutaka ushike ushauri nasaha, nawe wasitasita, kwa sababu hao akina Rogers na Maslow, wanasaikolojia wa Marekani tuliokaririshwa chuoni, "hawajaliona darasa la Tanga". Nimecheka sana. Kisha nikaona nikujibu sawasawa, maana hili ndilo jambo ninalolifikiria kila siku nikitoka shule.

Kwanza, kwa Carl Rogers umemwonea. Kabla hajawa profesa alikaa miaka 12 katika mji wa Rochester, Marekani, akishughulika na watoto waliopelekwa kwake na mahakama na mashirika ya ustawi. Hao walikuwa watoto walioteswa, walioiba, walioshindikana. Yale mambo yake matatu tuliyokuwa tukiyaandika kwenye mtihani bila kuyawaza, kwamba mshauri asijifanye, amkubali mtu bila masharti, na ajitahidi kuona mambo kwa macho ya yule anayeumia, aliyafikia baada ya kukaa na watu wa namna hiyo.

Tatizo ni vile tulivyofunzwa sisi. Wakumbuka lile zoezi la kumrudishia mtu maneno yake? Nililetewa mtoto wa gredi ya sita aliyegoma kuingia kipindi cha hesabu. Chumba changu cha ushauri, usiniulize, ni stoo: majembe, makopo ya rangi, nyavu za goli zilizochanika. Akasema, "Sitaki kurudi kule." Nami nikajibu kama mtihani ulivyotaka, "Hutaki kurudi kule." Kimya. "Wananicheka." "Wanakucheka." Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mwalimu, si ndiyo nishasema?"

Basi tukashika wavu tukaanza kuushona. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana, na mtoto wa huku hakufunzwa kumkazia macho mtu mzima akimweleza yaliyomo moyoni. Mafundo machache baadaye akaniambia yote: kila akikosa jibu husimamishwa mbele, na darasa humpigia makofi ya kumzomea. Nilipomwendea mwalimu wake sikumpelekea mashitaka. Nilimuuliza tu darasa lake analionaje, akaongea mpaka chai ikapoa. Hatujaelewana bado, lakini makofi yamekoma.

Na ujue Rogers mwenyewe huko kurudia maneno ya mtu tu kulimuudhi. Mwaka 1975 aliandika kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa karibu haongei tena habari za usikivu ule, kwa jinsi watu walivyougeuza kasuku.

Maslow ndiye nina ugomvi naye, au tuseme nina ugomvi na ile chati yake ya mahitaji ya mtu iliyobandikwa ofisini kwa walimu: chakula chini, usalama juu yake, mpaka kileleni mtu ajitimize. Ile piramidi haimo katika makala yake ya 1943, na humo humo alitahadharisha kwamba mpangilio wake usichukuliwe kuwa mgumu hivyo. Lakini chati imeshika, na sasa mtu akiona mtoto mwenye njaa husema, "Huyu hafundishiki mpaka ale," akageukia wengine.

Mimi naangalia Ramadhani. Watoto wamefunga, midomo imekauka, jioni wamo madrasa wanahifadhi juzuu kwa ajili ya mashindano, na sauti haitetemeki. Kwa chati ile hawajatoka hata ngazi ya kwanza! Wala sisemi njaa haidhuru, usinielewe vibaya. Njaa ya kufunga ina magharibi yake. Ina tende, ina uji, na jirani ataleta sahani ya kaimati. Njaa ya sufuria tupu haina saa ya kuisha, tena mtoto huiona aibu, akajificha msalani wakati wenzake wanafungua mikebe ya chakula. Ukimlisha huyo kwa kumtangaza mbele ya watu, tumbo litashiba na yeye hatarudi kesho. Maslow huyo huyo mwaka 1938 alikaa kwa jamii ya Blackfoot nchini Kanada, akakuta kwamba kwao tajiri wa kuheshimiwa ni yule aliyegawa mali yake mpaka ikaisha. Natamani hilo ndilo lingebandikwa ukutani.

Hapo ndipo Rogers naye ananiacha njiani. Stoo yangu humsikiliza mtoto, lakini haiulizi kwa nini sufuria ni tupu. Kwa swali hilo namfuata Paulo Freire, mwalimu wa Brazili. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa kuanzia maneno ya maisha yao wenyewe, neno kama tofali, na kila neno likizua mazungumzo: nani hujenga, nani hukaa ndani. Jeshi liliposhika nchi mwaka 1964 alitiwa jela, kisha akaishi uhamishoni. Mtu hafungwi kwa kufundisha silabi, Mwanaisha. Nanyi huko kwenu mlikuwa na Mwalimu Nyerere, na Elimu ya Kujitegemea yake ya 1967 ilikuwa na ugomvi huo huo na shule inayomtenga mtoto na watu wake.

Nimejaribu kidogo kwenye insha. Unajua watoto wetu wanavyokariri mapambo: kila insha mtu "amerauka alfajiri na mapema", ndege "wanatumbuiza", hata kama insha ni ya ajali. Niliwaambia waandike kuhusu feri ya Likoni, bila pambo hata moja. Mmoja akaandika: "Mama hubana mkoba kwapani mpaka tufike ng'ambo, kwa sababu mle mna kodi." Tukazungumza kodi kipindi kizima. Nani ana nyumba, kwa nini inapanda, baba akikosa kibarua bandarini nini huuzwa kwanza. Mtaala huu wa umilisi unaruhusu mambo hayo, hilo naupongeza, ingawa makaratasi yake ya tathmini yatatuua.

Sasa shauri langu. Ikubali kazi, lakini kwa masharti. Huku viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado bakora utaikuta nyuma ya kabati. Kwenu kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemwandikia idhini. Usikubali kuwa wewe mwenye idhini hiyo. Mtoto hawezi kukufungulia moyo asubuhi halafu adhuhuri akunyooshee mkono umchape.

Omba chumba, hata kama ni stoo kama yangu, bora kiwe na dirisha linaloonekana kutoka nje, kwa usalama wa mtoto na wako. Daftari la majina na siri za watoto lisikae juu ya meza ya mkuu. Mwambie mapema kwamba utamletea yale tu yanayohatarisha maisha ya mtoto au kumdhuru, mengine yatabaki kwako. Akikataa hilo, basi na wewe kataa, kwani atakuwa anatafuta mpelelezi.

Niandikie akikujibu. Zile kanga za mama nitampa dereva wa basi la Tanga wiki ijayo, mwambie ampigie mapema asije akazipitisha Dar.

Nduguyo,
Rukia