Risala ya Wazazi na Wanafunzi wa Darasa la Kiswahili la Jumamosi, Glasgow, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha kwenye maonyesho ya picha na insha za watoto wetu, zilizotokana na ziara yao katika kijiji cha New Lanark, kilichojificha bondeni kando ya mto Clyde.

Mheshimiwa, kijiji hicho kilianzishwa na David Dale mwaka 1785, mahali ambapo maji ya mto yalikuwa na nguvu ya kuzungusha mitambo ya kusokota pamba. Mamia ya watoto, wengi wao yatima walioletwa kutoka mijini, walishinda mitamboni tangu alfajiri, na darasani waliingia jioni wakiwa hoi. Pamba yenyewe, na hili hatukutaka watoto wetu walipite kimya, ililimwa kwa sehemu kubwa na Waafrika waliotiwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki.

Robert Owen, mkwe wa Dale, aliposhika uongozi mwaka 1800, aliacha kuajiri watoto walio chini ya miaka 10, na mwaka 1816 akafungua shule iliyopokea hata wale waliokuwa ndio kwanza wanajua kutembea, wakafundishwa kuimba, kucheza dansi na kusoma ramani, pasipo kuchapwa. Duka la kijiji liliuza bidhaa bora kwa bei nafuu, na faida yake ikasaidia kuendesha shule. Hadi leo wanaushirika wengi hukitaja kijiji hiki wanapoeleza ushirika wao ulikotoka.

Kilichowagusa zaidi watoto ni kipande kidogo cha mti chenye pande 4, nyeusi, buluu, njano na nyeupe, ambacho Owen aliagiza kitundikwe karibu na kila mfanyakazi, upande uliotazama mbele ukitangaza mwenendo wake wa jana. Binti mmoja wa miaka 9 alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza iwapo aliyeshindwa kazi kwa ugonjwa naye aligeuziwa upande mweusi, ule wa mwenendo mbaya. Sisi wazazi tulikosa jibu. Tunamheshimu Owen, lakini swali lile tumelibandika ukutani, chini ya mchoro wake.

Viwanda vilifungwa mwaka 1968, na mwaka 2001 UNESCO ikakitangaza kijiji kuwa Urithi wa Dunia. Nyumba za mawe zingali na wakazi. Tulikuta nguo zimeanikwa.

Mheshimiwa, watoto wameandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu New Lanark. Tunaomba utusaidie kuchapisha nakala 200.

Tunaomba kuwasilisha.