Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wakalimani na walimu wa lugha, Lubumbashi

Ndugu wanachama,

Komite ilikaa, wenzetu waliofiwa tuliwatembelea, semina ya Kifaransa cha mahakamani ilikwenda kama mlivyoiona. Hayo mnayajua.

Nije kwenye neno linalosemwa mitaani, Katuba na Kamalondo, lakini mezani haliletwi: kwa nini franka 640.000 zilikwenda kwenye fotokopi na kodi ya chumba ili tusome kazi za Herbert Clark, sherehe ya Desemba ikaachwa. Nimeitwa "mwenyekiti wa Wamarekani". Sawa.

Uamuzi ulikuwa wangu, katibu akausaini. Clark ni mwanasaikolojia aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1969; mwaka 1977 yeye na mkewe, Eve Clark, walitoa kitabu kinene cha saikolojia ya lugha. Wengi walimchunguza msemaji peke yake. Yeye akashikilia kwamba mazungumzo hujengwa na wawili. Mwaka 1986, pamoja na Deanna Wilkes-Gibbs, aliwaketisha watu wawili wawili wasioonana, kila mmoja na picha 12 za maumbo yasiyo na jina. Mmoja aeleze, mwenzake apange. Mara ya kwanza picha moja ilikula maneno kama 41, mara ya sita 8 hivi. Nani kati yetu, aliyewahi kuketi kati ya daktari wa Kifaransa na mgonjwa wa Kibemba, atasema hayo hayamhusu?

Tena mwaka 1989, na Michael Schober, alionyesha kwamba anayesikiliza pembeni, hata akisikia kila neno, huelewa pungufu kuliko anayezungumziwa, kwani hana nafasi ya kuuliza. Ndiyo sababu tangu Agosti nimeacha kutuma sauti za mikutano WhatsApp. Tuko 58. Wanaofika ni 14 hivi. Julai tulikuwa 9, mlinzi akiwemo. Lawama nyingi zilitoka kwa wasiofika.

Michango: 21 wamemaliza, 10 wametoa nusu, 27 hawajatoa hata franka moja. Hiyo sherehe ingelipwa na nani? Mama mweka hazina analo daftari, liko wazi.

Na waliocheka "eeh" zangu kwenye mkutano wa Machi: mwaka 2002 Clark na Jean Fox Tree walieleza kwamba hata "uh" na "um" za Kiingereza humjulisha msikilizaji kuwa msemaji anakawia, kidogo au zaidi. Nilikuwa nakawia.

Muhtasari wa Kiswahili wa kazi hizo za Clark, kurasa 17, niliutafsiri mwenyewe, nyingine kwa mshumaa. Sikulipwa, wala sikuomba.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, tungependa kurekodi mazungumzo ya wachuuzi wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wenyewe wakikubali, tuone Kiswahili na Kifaransa vinavyopokezana. Tarehe bado.

Mweka hazina atakaa mlangoni leo hadi saa kumi.