Kambi za vijana watukutu zipimwe kwanza

Mhariri,

Wanaotaka vijana watukutu wakusanywe kambini ili "wanyooshwe" wasome kwanza jaribio la kuzuia uhalifu wa vijana la Cambridge na Somerville, Massachusetts, Marekani, lililoanza 1939. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili kwa kufanana umri, familia na mtaa, kisha sarafu ikarushwa. Mmoja alipata mshauri, tiba, masomo ya ziada, hata kambi ya likizo. Mwenzake hakupewa kitu.

Joan McCord, mtafiti wa uhalifu, aliwafuatilia baada ya miaka 30. Theluthi mbili ya waliohudumiwa waliojibu walisema mradi uliwafaa, lakini kumbukumbu zilionyesha ulevi, kurudia makosa na vifo vya mapema vimezidi kwao kuliko kwa wenzao wasiohudumiwa. Walioharibikiwa zaidi ni waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Sababu inayowezekana ilionekana kwenye video za vijana na rafiki zao alizorekodi mwanasaikolojia Thomas Dishion huko Oregon, Marekani. Kijana anasimulia alivyovunja sheria, mwenzake anacheka. Kicheko hicho ndicho tuzo, na kisa kinachofuata kinanoga zaidi. Kambini, mshauri yuko nao kwa saa chache. Wenzao wako nao mpaka usiku bwenini.

Kwa hiyo tusiwarundike pamoja. Wachanganywe na wenye mwenendo mzuri, na wazazi wafundishwe kusimamia nyumbani. Mradi wowote uwe na kundi la kulinganishia, lichaguliwe kwa kura kabla ya kuanza, na zihesabiwe kesi, si majibu ya "mlifurahi?"

Mwalimu wa saikolojia,
Dodoma