Kidole kinachoangusha watu kwenye mtihani wa kuruka kwa vyombo

Marubani wanaotupigia simu hapa Chumbageni, Tanga, tunakofundisha matumizi ya GPS ya ndege kwa kompyuta, mtihani ukikaribia husema karibu maneno yale yale: "Kaka, kuruka naweza. Hii GPS ndiyo inayonitoa jasho." Nami huwaamini. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinadai saa 40 za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vya ndege bila kutegemea kuona nje, na wengi wamekwisha kuzijaza kwenye logibuku zao. Mwinuko wanaushika, uelekeo wanaushika. Kinachowaangusha ni kidole: kimebonyeza kitufe kisicho chake, au kimesahau kubonyeza kabisa.

Najua kwa sababu yalinikuta. Siku ya mtihani wangu nilishuka vizuri kwa utaratibu wa GPS hadi mwinuko wa chini kabisa, mtahini akaniambia, "Huoni kiwanja. Ghairi." Nikaongeza nguvu, nikainua pua, ndege ikapanda. Nikautazama mshale unaoonyesha njia, umetulia katikati. Nikaufuata. Kumbe chati ilitaka nikate kushoto, na mimi nilikuwa nanyoosha tu mbele, moyo umetulia kama mtu aliyeko njia sahihi. Juu ya kitufe cha OBS cha ile GPS yalikuwa yamewaka maandishi madogo, SUSP, na sikuyaona mpaka mtahini alipoyaonyesha kwa kalamu yake. Nilirudia sehemu ile siku nyingine.

Sasa tuieleze SUSP, yaani "suspend", kusimamisha, maana ndiyo inayokula watu wengi. Garmin GNS 430, kifaa kilichoingia sokoni mwaka 1998 na kinachoonekana bado kwenye ndege nyingi ndogo, hukuongoza nukta hadi nukta chenyewe. Lakini ukifika nukta ya kughairi kutua, kinasimama. Hakijui kama umekiona kiwanja unatua, au hujakiona unapaa tena. Kinakusubiri wewe useme. Usipobonyeza OBS, kitaendelea kukuchorea mstari ule ule wa kutua, ukinyooka kupita kiwanja, na mshale utakaa katikati ukikuridhisha. Ukibonyeza, SUSP inazimika na kifaa kinaanza kukupeleka njia ya kupaa upya. Kubonyeza mara moja tu. Ila unatakiwa kubonyeza wakati ndege inapanda, redio inaita, na flapsi zinasubiri mkono huo huo.

Kwa hiyo tunafundisha mpangilio huu, na tunausema kwa sauti: nguvu, pua, ndege inapanda, flapsi, kisha OBS. Ndege kwanza. Ndani ya wingu sikio linadanganya. Ndege inaweza kulala upande na mwili ukakuambia imenyooka. Ukimzamisha rubani macho kwenye kifaa sekunde kumi tu, akirudi kwenye upeo bandia, kipimo kinachoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, anakuta bawa limeshuka. Anayejua wingu zito la masika linavyoelemea milima ya Usambara atanielewa.

Kosa la pili ni kitufe cha CDI, kinachochagua mshale usikilize nini. Mshale mmoja ule ule unaweza kusikiliza GPS au redio ya ILS, mitambo ya ardhini inayokuongoza hadi barabara ya kutua, na kinachokuambia ni neno dogo juu ya kitufe: GPS, au VLOC kwa redio. Unakwenda kutua Dar es Salaam kwa ILS, masafa umeweka, kila kitu safi, lakini neno bado linasoma GPS. Unaufuata mshale usio wa ILS. Kuna mpangilio wa kukifanya kifaa kibadili chenyewe, lakini mimi simshauri mwanafunzi autegemee. Asome neno, alitamke, ndipo ashuke.

La tatu linawashangaza waliozoea safari za mbali. Kwenye GNS 430 ile ya awali, mshale uliosogea hadi mwisho wakati wa safari una maana umetoka njiani maili 5 za baharini. Ukibakiza maili 30 kufika, unabana hadi maili 1. Ukikaribia nukta ya mwisho ya kuanza kushuka, unabana hadi 0.3, yaani kama mita 550. Rubani anaona mshale umeanza kukimbia, anadhani upepo umemzidi, anaisukuma ndege huku na huku. Upepo ni ule ule. Kipimo ndicho kimebadilika. Soma kona ya skrini: ENR ya safari, kisha TERM ya karibu na kiwanja, kisha APR ya kushuka kutua. Kama APR haijatokea pale ulipotakiwa kushuka, usishuke.

Na tafadhali, video za mtandaoni zichukue kwa tahadhari. Nyingi ni za Marekani, na utamwona mtu anateremka kwa LPV, utaratibu wa GPS unaomwongoza hata mteremko wa kushuka, kama anashuka ngazi. LPV ile inategemea WAAS, mfumo wa setilaiti wa kusahihisha GPS, ambao huduma yake ni ya Amerika ya Kaskazini. Huku kwetu haifiki. Unachohitaji kujua ni RAIM, kifaa kujikagua chenyewe kama setilaiti zinasema kweli: kifaa kinapata mahali pako kwa setilaiti 4, lakini ili kigundue kuwa moja inadanganya kinahitaji 5, na ili kiitupe kinahitaji 6. Mtahini atakuuliza. Atakuuliza pia tarehe ya data iliyomo. Hubadilishwa kila siku 28.

Kwetu hutapanda ndege. Utakaa mbele ya kompyuta yenye usukani, pedali na programu ya kifaa kilichomo kwenye ndege yako. Niseme wazi: si kifaa kilichoidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, hivyo saa za hapa haziingii kwenye logibuku. Kipindi ni saa mbili, hatuzidishi, kwa sababu baada ya hapo kichwa hakishiki kitu.

Dada mmoja tuliyemfundisha alichora GNS 430 kwenye kipande cha katoni ya viatu, ukubwa ule ule, vitufe vyote, akakibandika jikoni juu ya jiko la gesi. Chai ikichemka, yeye anaghairi kutua: mkono wa kulia kwenye mwiko kama nguvu ya injini, kidole kinakwenda OBS bila kutazama. Alipokuja kipindi cha tatu nilimzimia skrini katikati ya kupaa. Kidole kilikwenda palepale.

Ukija, tuambie kwanza ndege yako ina kifaa gani, maana GTN 650 ya kugusa skrini ina tabia nyingine kabisa. Njoo na chati za viwanja utakavyotahiniwa. Najua Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kwa jambo hili panga kulala walau usiku mbili.