Mfumo nao uvae namba kifuani

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia. Taarifa yenu ya juma lililopita, iliyosifu mitambo ya polisi ya kutambua nyuso na namba za magari kana kwamba imeteremshwa na malaika, imenitoa kimya.

Mitambo hii si mipya. Mwaka 2014 tulitangaziwa mradi wa karibu Sh15 bilioni, wa kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Mwandishi wenu amesimulia uwezo wake wote ila hakuuliza anayewajibika inapokosea.

Mimi nilikosewa. Nikitoka forodhani na matenga matatu ya samaki, nilisimamishwa njiani na afisa aliyenionyesha kwenye simu yake kwamba pikapu yangu inatafutwa. Herufi ya mwisho ya namba yangu ni G, nayo mashine ilikuwa imesoma C. Nilimwomba azunguke nyuma ya gari aitazame kwa macho yake, naye akanijibu kwa upole, “Mzee, si mimi ninayesema, ni mfumo.” Nilikaa kituoni, ambacho sitakitaja, tangu adhuhuri hadi magharibi, barafu ikiyeyuka na maji ya samaki yakichirizika hadi mlangoni mwao, mpaka alipokuja kijana mmoja, akaisoma namba, akacheka, akaniambia niende zangu. Hakuna aliyeomba radhi, wala hakuna aliyenihakikishia kwamba kosa limefutwa, kwa hiyo kila nionapo kizuizi moyo hunipiga.

Niliandika barua kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibiwa. Siku hizo zimepita mara nne. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake, lakini haki hiyo utamdai nani kando ya barabara? Hata mabawabu wa majengo wameiga tabia hii ya kukusanya habari za watu bila kuwajibika: huandika kitambulisho na simu yako katika daftari linaloachwa wazi mezani, kila apitaye akisoma.

Afisa wa polisi huvaa namba yake ya kazi, nami nikidhulumiwa huinakili. Basi mfumo nao upewe namba, ichorwe kwenye bati chini ya kila kamera pamoja na simu ya mtu anayepokea, na siku utakapokosea tena, msimamizi wake aje alinde matenga yangu juani.

Mchuuzi wa samaki,
Mombasa